Shauri la Breki za Mzee Shechambo

Breki haisifiwi tambarare.

Mmeisikia leo sebuleni. Wageni wa posa walipomaliza kumsifu kijana wao, kwamba ni mpole, hanywi, hajawahi kumpandishia mtu sauti, mjomba wenu akawajibu kwa maneno hayo matatu tu, kisha akaendelea na chai yake. Ninyi mkaziba midomo kwa kanga mkacheka, na Mwanjaa akaniuliza breki na posa zinakutana wapi. Basi endeleeni kuchambua hizo choroko, nami niwaeleze. Methali hii ilianza hivi, na msidhani ni ya wahenga wa kale, kwa sababu nilikuwapo. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe siku ilipotamkwa mara ya kwanza.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo ya Mavumbi, mji mdogo ulio chini ya mlima. Juu ya mlima kilikuwako kijiji cha Kizenga, wakulima wa kabichi na njegere, na kati ya kijiji na mji palikuwa na mteremko mmoja mrefu wa kona kumi na saba. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo ambalo ukitupa jiwe husikii linapotua. Gari la abiria halikuwako. Lilikuwako pikapu la Mzee Shechambo.

Mzee Shechambo alikuwa mtu mfupi, mkimya, wa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa ameendesha kwenye mteremko ule miaka ishirini na minane bila kumwangusha mtu. Akina mama wa Kizenga walikuwa wakimkabidhi watoto wao wa shule awapeleke mjini, na wengine walimkabidhi wagonjwa wao bila kumsindikiza. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake. Pikapu lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini jina lake halikuwa na kutu.

Mjini tulikuwa na Fundi Mbaruku. Huyo msimfikirie kuwa mtu mbaya. Alikuwa na mikono ya ajabu. Alisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, akakuambia ugonjwa. Mimi mwenyewe alinitengenezea baiskeli. Lakini sifa zilimzidi. Magari yalipanga foleni uwanjani kwake, kila mwenye gari anataka lake leo, na miaka hiyo vipuri vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi mchana.

Siku moja Mzee Shechambo akaona pedali ya breki inazama. Akampelekea Mbaruku. Mbaruku akafungua pampu, akaona mipira ya ndani imekwisha, akasema, "Niachie, Mzee. Kesho jioni utalichukua."

Kesho yake jioni uwanja ulikuwa na watu. Mbaruku akaliwasha pikapu, akalizungusha, akaja mbio, akakanyaga. Pikapu likasimama papo hapo, vumbi likalipita. Watu wakapiga makofi. "Mzee, hizi sasa ni breki za ndege!" Mbaruku akatabasamu, akafuta mikono. Mzee Shechambo akashukuru, akapanda mlima na gari tupu.

Asubuhi iliyofuata akateremka na magunia ya kabichi. Mbele, kando yake, alikaa Mwalimu Zaina Kaniki, aliyefundisha darasa la kwanza pale Kizenga. Kona saba za mwanzo zilipita vizuri. Kwenye kona ya nane, Mwalimu alisimulia baadaye, Mzee alikanyaga breki mara moja, akakanyaga tena, kisha akamwambia kwa sauti ileile ya siku zote, "Mwanangu, shika sana hapo mbele." Akashusha gia, haikutosha. Kushoto kwake ukuta wa mlima, kulia korongo. Akaligeuza gari na kulisugua ukutani, mita baada ya mita, chuma kikilia, mpaka likagota kwenye jiwe.

Walipona wote wawili. Lakini mguu wa Mwalimu Zaina ulivunjika mahali pawili, na hakutembea tena kama zamani.

Sasa sikilizeni yaliyomuuma Mzee. Habari ziliposhuka mjini, watu wakamwendea Mbaruku, naye akasema, "Breki? Breki nilizijaribu mbele ya watu kumi. Yule mzee amezeeka. Macho hayaoni tena, au alisinzia." Neno hilo likapanda mlima haraka kuliko gari. Lilipofika Kizenga lilikuwa limeongezwa chumvi: amelala kwenye usukani, amekunywa, amekwisha. Akina mama wakaanza kuteremka mlima kwa miguu na mizigo kichwani. Hata mkewe, Mama Shechambo, usiku mmoja alimwuliza taratibu, "Baba Hoza, hukusinzia hata kidogo?" Mzee alituambia mahakamani kwamba swali hilo ndilo lililomfanya avae viatu asubuhi yake, ashuke mlima kwa miguu, aje kufungua shauri.

Nakumbuka nilivyomwandikia. Nikamwuliza, "Mzee, unadai nini?" Akafikiri sana. "Andika gari," akasema. "Na matibabu ya Mwalimu. Halafu andika kwamba sikusinzia."

Nikamwambia mahakama haina mahali pa kuandika hilo. Akasema, "Basi litafutie mahali, mama."

Niwakirie jambo moja. Mimi moyoni nilikuwa upande wa Mbaruku. Nilimwona Mzee kama mtu anayeukataa umri wake.

Siku ya shauri chumba kilijaa hadi madirishani. Hakimu wetu alikuwa Bibi Eliaichi, mwanamke mrefu asiye na haraka, na kando yake wazee wawili wa baraza. Mawakili hatukuwa nao. Mdai na mdaiwa walijisemea. Mbaruku alikuja na shati jeupe na mashahidi watatu. Kila mmoja alieleza kitu kilekile: gari lilikuja mbio, fundi akakanyaga, likasimama. Wa tatu alisimulia vizuri sana mpaka watu wakacheka.

Hakimu akamgeukia Mzee Shechambo. "Una swali kwa shahidi huyu?"

"Ninayo machache, Mheshimiwa." Akavua kofia yake. "Kijana, pale uwanjani kwa Fundi, pana mteremko?"

"Hapana, Mzee. Ni tambarare."

"Gari lilikuwa na mzigo?"

"Lilikuwa tupu."

"Alikanyaga mara ngapi?"

"Mara moja. Na likasimama!"

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamtazama Hakimu. "Mheshimiwa, mimi sina shahidi wa kona ya nane isipokuwa Mwalimu, na yeye hajui breki. Nasema hivi tu: breki haisifiwi tambarare."

Chumba kizima kikacheka. Hakimu hakucheka. Akaniambia, "Karani, andika maneno hayo kama alivyoyasema." Nikaandika.

Kisha akauliza kama Mzee ana shahidi mwingine.

"Yupo, Mheshimiwa. Ni Sista Yuditha wa zahanati ya Kizenga. Ndiye aliyetupokea siku ile, ataeleza kama nilikuwa nimelewa. Anakuja leo. Atateremka saa sita na gari la zahanati, maana ana mama mjamzito anayemleta hospitali kubwa. Mtoto amekaa vibaya."

"Gari la zahanati si lilikuwa bovu?" akauliza mzee mmoja wa baraza.

"Lilikuwa bovu. Limetengenezwa wiki iliyopita." Mzee Shechambo akasema bila kejeli yoyote, kama anayetaja hali ya hewa. "Fundi Mbaruku amelitengeneza breki."

Mimi kiti changu kilikuwa karibu na kizimba cha mdaiwa, kwa hiyo nilimwona. Rangi ilimtoka. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika chache. Mashahidi wake walikuwa bado wanatabasamu. Akatazama tena saa.

Sasa jiwekeni mahali pake. Shauri lilikuwa linamwendea vizuri. Angenyamaza, angetoka pale na jina lake, uwanja wake na foleni yake ya magari. Na huenda lile gari la zahanati lingefika salama. Si kila breki mbovu huua siku hiyohiyo.

Akasimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, lizuieni gari lile."

"Kaa chini, mdaiwa," akasema mzee wa baraza. "Zamu yako itafika."

"Lizuieni!" Sauti ilimpasuka. "Mipira ni ileile. Mipya haikupatikana. Nilikata mipira ya pampu ya trekta bovu, nikaisugua, nikaipachika. Nikaipachika kwa Mzee, nikaipachika na kwa zahanati. Ikiwa baridi inashika. Ikipata moto inalainika, inaachia. Nilijua inaweza kuachia. Nilijiambia labda haitaachia."

Hapakuwa na aliyecheka. Simu ya Kizenga ilikuwa imekufa tangu masika. Hakimu akamwuliza Mbaruku, "Una pikipiki?"

"Iko nje, Mheshimiwa."

"Nenda. Askari wa mahakama atapanda nyuma yako. Shauri linaahirishwa mpaka mrudi."

Yaliyotokea mlimani nilisimuliwa na yule askari. Alisema hajawahi kuendeshwa vile, na kwamba Mbaruku alikuwa analia njia nzima, machozi yakirushwa na upepo mpaka kumfikia yeye nyuma. Walifika Kizenga saa sita kasoro robo. Gari la zahanati lilikuwa limewashwa, mama mjamzito amelazwa kwenye godoro, Sista Yuditha amekaa kando yake na chupa ya maji. Dereva alikuwa anafunga mlango. Mbaruku akaiangusha pikipiki barabarani mbele ya gari, akasimama ameinua mikono.

Vijana wa Kizenga wakambeba yule mama kwa machela, wakapokezana kona zote kumi na saba. Mtoto alizaliwa jioni, wa kike, mzima. Mbaruku akafungua pampu palepale barabarani, mbele ya dereva na askari. Mipira ilikuwa imevimba na kuanza kuchanika. Akaifunga kwenye karatasi, akaileta mahakamani mwenyewe, akaiweka mezani kwangu.

Hukumu haikuwa ndefu. Mbaruku alipe matengenezo ya pikapu na matibabu ya Mwalimu Zaina. Halafu Hakimu akamwuliza Mzee Shechambo kama ana la kuongeza, na Mzee akasema, "Lile jingine, Mheshimiwa. Lile ambalo karani alisema halina mahali."

Hakimu akamgeukia Mbaruku. "Umelisikia. Hilo siwezi kukuamuru."

Siku ya gulio, Mbaruku akapanda Kizenga kwa miguu. Akasimama kati ya mafungu ya kabichi, mbele ya akina mama walewale, akasema: "Mzee Shechambo hakusinzia. Hakulewa. Breki zilikuwa mbovu na aliyezifanya mbovu ni mimi. Kama si yeye kuujua mlima, Mwalimu angekuwa korongoni." Wengine walimtukana. Mwalimu Zaina, aliyekuwa pale na magongo yake, hakumtukana wala hakumwitikia. Aliondoka polepole. Nilisikia ilimchukua miaka kumjibu salamu, na sidhani kama alikosea.

Baada ya hapo uwanja wa Mbaruku ukawa mweupe. Aliyekuwa na gari bovu alilipeleka mji wa mbali. Miezi minne hivi ilipita, pikapu la Mzee Shechambo likiwa limekwisha kutengenezwa na akina mama wamerudi kulipanda. Siku moja, nikitoka kazini, nikaliona limesimama uwanjani kwa Mbaruku, boneti wazi. Mzee amekaa kwenye tairi kuukuu, kofia yake kichwani, anasubiri. Mbaruku yuko chini ya gari.

Sikuweza kujizuia. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, na yote yale, umemletea huyu tena? Mafundi wamekwisha?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi.

"Mafundi wapo, mama. Wananiambia kazi yao ni nzuri, nami nawasikia. Lakini hao wote nimewaona tambarare tu. Huyu," akaelekeza kidole kwenye miguu iliyotokeza chini ya gari, "nimemwona mteremkoni. Alikuwa na kila kitu cha kupoteza, mzigo umemlemea, mlima uko mbele yake. Na alikamata breki. Alichelewa, lakini alikamata."

Chini ya gari nyundo ilikuwa imenyamaza. Kisha, baada ya kitambo, ikaendelea kugonga, taratibu.

Nilikwenda nyumbani nikiyafikiria maneno niliyokuwa nimeyaandika kwenye jalada na kudhani ni ya magari. Watu wa Kizenga walikwisha kuyachukua. Walikuwa wanayasema kwenye mikutano, kwenye kuchagua viongozi, na kwenye posa.

Kwa hiyo, Mwanjaa, mjomba wako hakumtukana mchumba wako. Kijana ni mpole, tumeona. Tulimwona sebuleni, ameshiba, mbele ya wageni. Mpe muda. Mtazame siku mambo yatakapomgeukia, siku akikosa, siku ukweli utakapomgharimu. Breki haisifiwi tambarare.