Majivu ya Kwamsanja

"Majivu ya jiko moja hayazunguki uwanja."

Ndivyo fundi Shekue alivyomwambia yule bwana anayetaka kuchimba kisima peke yake, nanyi mkacheka mkidhani ni mzaha wa mafundi. Sasa Tunu unaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Ukimwuliza mwalimu wako atakwambia ni ya wahenga. Wahenga gani? Mimi nilikuwapo siku yaliposemwa mara ya kwanza, na meno yangu bado ninayo. Sogeeni basi, na wewe Mbelwa weka hiyo simu chini, maana sirudii.

Mambo yalianza hivi.

Hapa Kwamsanja palikuwa na klabu ya mpira iliyoitwa Singa, jina la zile nyuzi za mkonge, kwa sababu wachezaji wake wa kwanza walikuwa wakata mkonge wa shamba la bondeni. Aliyeianzisha ni baba yangu. Alipokufa, uenyekiti ukamwangukia kaka yangu Hiza. Haikuwa klabu ya kutisha mtu. Ilicheza ligi ya wilaya, ikishinda hapa, ikifungwa pale, na jezi zake tulizifua kwa zamu. Lakini ilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine.

Chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja hatukuwa nayo. Kwa hiyo kila Jumamosi ya mechi, asubuhi, kila nyumba ilipeleka kopo moja la majivu ya jikoni kwake, yaliyochekechwa vizuri yasibaki na kaa. Yote yalimwagwa juu ya turubai, yakachanganywa kwa koleo mpaka hujui yapi ni ya nani. Halafu Mzee Semdoe, mchoraji wetu, aliyajaza kwenye debe lililotobolewa matundu kwa msumari, akatembea kinyumenyume kando ya kamba ya katani huku akilitikisa taratibu. Nyumba iliyokuwa na msiba, majivu yake hayakuchanganywa. Yaliwekwa peke yake kwenye kitone cha katikati, pale mpira unapoanzia, na mpaka mechi ianze hakuna aliyepakanyaga.

Msinitazame hivyo. Haukuwa uchawi, ilikuwa heshima tu. Ila ninachojua ni kwamba mchezaji wa timu ngeni alipoukaribia mstari wetu wa goli, watu walipiga kelele kama wanaoingiliwa chumbani kwao. Wageni walikuwa wakilalamika kwamba Kwamsanja masikio yanauma.

Ndipo akaja Bwana Mgaza. Asili yake ni hapa hapa, babu yake kazikwa kule mlimani, ila utajiri aliuchuma mbali, na kwa kazi gani hatukujua. Alikuja na gari jeupe, akatazama mechi moja akiwa amesimama juani, akasema mji wa kwao hauwezi kuwa na timu ya ovyo namna ile. Hiza alifurahi mpaka akalia. Miaka tisa alikuwa akizunguka kuomba nauli za wachezaji, nani angemlaumu? Kabla ya miezi mitatu kwisha tulikuwa na jukwaa la kukalia, uzio wa mabati kuuzunguka uwanja, nyasi za kumwagiliwa, basi, na wachezaji kutoka mikoani ambao majina yao tuliyajua kwa kuyasoma migongoni mwao. Ikaja na chokaa, magunia kwa magunia.

Jumamosi ya kwanza ya msimu tulikwenda na makopo yetu kama kawaida. Mlangoni tulimkuta Hiza, amevaa suti mpya ya michezo, hatutazami usoni.

"Jamani, mambo ya majivu basi," akasema. "Bwana Mgaza anasema yanachafua uwanja. Haya mliyoleta yamwageni tu hapo mtaroni."

"Hata ya msiba?" akauliza Mama Chausiku, bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amemzika mumewe Kilua wiki ile ile.

Hiza akakohoa. "Hata hayo, mama. Unisamehe."

Mama Chausiku akayamwaga. Wote tukamwaga. Upepo ukayarudisha usoni kwetu, tukaingia kutazama mechi tukiwa tumepauka mpaka nyusi. Singa ikashinda mabao manne kwa bila.

Ikashinda tena, na tena. Msimu ule tukawa mabingwa wa wilaya, tukapanda ligi ya mkoa, na watu wa miji mingine wakaanza kutuonea wivu. Lakini palikuwa na jambo ambalo hatukulipa jina. Uwanja ulijaa, ila sauti haikutoka. Wala si kwamba tulipanga kugoma, la. Bao lilifungwa, ukafungua mdomo, ukakuta ndani hamna kitu. Mimi mwenyewe, bingwa wa vigelegele hapa mjini, nilikuwa nauinua ulimi unalala. Mfungaji alikimbia huku na huko mikono juu, mbele ya mamia ya watu waliomtazama kimya, kisha akarudi katikati akitembea polepole, akigeukageuka nyuma.

Bwana Mgaza akachukia. Akaleta spika mbili kubwa, akazifunga juu ya jukwaa, pamoja na mtambo wenye kelele za mashabiki zilizorekodiwa, sijui uwanja gani, sijui nchi gani. Singa ikifunga bao, mtambo unabonyezwa.

Hapo ndipo nywele zilipoanza kutusimama. Fikirini wenyewe. Umati umefunga midomo, na juu ya vichwa vyake umati mwingine usioonekana unashangilia, unapiga makofi, unacheka. Siku moja Mama Chausiku alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi mchana kweupe.

"Mwanjaa, sikiliza kicheko hicho. Hicho cha mwisho."

"Kicheko gani, mama?"

"Cha Kilua. Mume wangu yumo mle ndani."

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo. Kisha bao likafungwa tena, na kwa kuwa kelele zilikuwa zile zile kila mara, nikakisikia: kicheko cha mtu mwenye kifua kibovu, kinachoishia kwenye kikohozi. Niliogopa, siwafichi. Habari ikaenea, na tangu hapo kila mtu akawa anatega sikio amtafute wake mle. Mwingine alimpata mama yake, mwingine alimpata mtoto. Mpira hakuna tena aliyeutazama.

Msimu wa pili Singa ikaanza kufungwa, na Bwana Mgaza hakuwa mtu wa kukaa na timu inayofungwa. Alipunguza kuja, kisha akaacha kabisa. Simu yake ikawa inaita bila kupokewa, baadaye haikuita. Kiti chake cha ngozi kilibaki jukwaani, na kwa kuwa aliyebonyeza mtambo hakuambiwa aache, spika ziliendelea kushangilia juu ya kiti kitupu. Basi lilichukuliwa. Wachezaji wakaondoka mmoja mmoja, hata siku moja tukashindwa kupeleka timu ugenini. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi: klabu ikikosa mechi mara ya pili inafutwa, na jina lake halisajiliwi tena.

Hiza alikuja kwangu siku ile, akakaa kwenye kigoda asiguse chai.

"Mwanjaa," akasema, "wamebaki kumi na wawili tu, wengine ni vijana wetu wa hapa. Nitawapanga hivyo hivyo. Lakini ikifutwa mkononi mwangu, nitamwambia nini baba?"

Angalisema hivyo mtu mwingine ningemfariji. Ila nilikuwa bado nayaona yale majivu mtaroni, nikageukia jiko langu. Akajiondokea.

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakata saa tano. Wageni walikuja, refa akaja, na sisi tukaja tukajaza uwanja kama kawaida yetu, kimya. Umeme haukuwapo, kwa hiyo hata spika zilikuwa zimenyamaza. Refa akaukagua uwanja mara moja, akamwita Hiza. Pale tulipokaa tulimsikia vizuri.

"Mwenyekiti, mbona uwanja hauna mistari?"

"Mvua imeiosha, refa."

"Basi chora mingine."

"Chokaa iliyokuwa stoo imelowa. Imeganda, imekuwa mawe."

"Mimi siwezi kuchezesha mechi porini," akasema refa. "Nakupa nusu saa. Ikipita, naandika kwamba mwenyeji ameshindwa kuandaa uwanja, na hiyo itakuwa mara ya pili. Unajua maana yake."

Hiza akakimbia. Mtu mzima yule, na kitambi chake, akapita mbele yetu akikimbia. Aliporudi alikuwa na debe la Mzee Semdoe, ambaye wakati huo alikwisha kufariki, na ndani yake majivu ya jikoni kwake. Akaanzia kwenye kibendera cha kona. Akatembea kinyumenyume, bila kamba, akilitikisa debe, na mstari wa kijivu ukaanza kutokea kwenye nyasi zilizolowa. Ulikwenda ukipinda, lakini ulikuwa mstari. Tuliutambua.

Kabla hajafika katikati ya uwanja, majivu yakaisha.

Tulidhani atasimama. Hakusimama. Aliendelea kurudi nyuma akilitikisa debe tupu, na hakuna kilichomwagika. Alifika kona ya pili, akageuka, akapita nyuma ya goli akitikisa. Kimya kilikuwa kikubwa hata tulisikia kutu ya debe ikikwaruza mkononi mwake. Akashika upande wa pili, wote mzima, mguu mmoja nyuma ya mwingine, ameinamisha macho kama anaona kitu kinachoanguka. Na jambo hili nimelifikiria sana wajukuu zangu, sijalipatia jibu: alipopita mbele ya wachezaji wa timu ngeni, waliruka nyuma ili wasikanyage. Refa naye akainua mguu, akakivuka kile ambacho hakikuwapo. Nami nilitazama pale chini, nikaapa moyoni kwamba naona.

Alimaliza mzunguko wote. Akarudi kwenye kibendera alipoanzia, akaliweka debe chini, akatugeukia. Jasho lilikuwa likimtiririka, na uso wake ulikuwa mweupe wa majivu.

"Nimemaliza?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Watu wote wale, hakuna.

Ndipo Mama Chausiku akasimama kwa shida, akajishika kiuno. Hakuwa na hasira sautini.

"Hiza mwanangu, pumzika," akasema. "Majivu ya jiko moja hayazunguki uwanja."

Refa akatazama saa yake, akapuliza filimbi. Hapo hapo uwanja ulirudi kuwa majani matupu, na kipande kimoja cha mstari upande mmoja. Singa ikafutwa. Wiki ile yalikuja malori, yakachukua mabati, jukwaa, spika na hata nguzo za magoli, na nasikia kile kiti cha ngozi kilisahauliwa njiani.

Siku hizi watu wanaisema methali hii kumcheka mwenye kiburi. Wanasema ni ya Bwana Mgaza, aliyedhani fedha yake inatosha kuwa mji. Wengine wanasema ni ya kaka yangu, aliyeyamwaga ya wenzake na ya kwake yasimfikishe. Ni kweli kote kote. Lakini mimi nitawaambia lile ambalo hawalisemi.

Siku ile hapakuwa na nyumba Kwamsanja isiyokuwa na majivu. Sote tulipikia kuni. Nyuma ya mlango wangu wa jikoni palikuwa na ndoo imejaa pomoni, na kutoka uwanjani mpaka kwangu ni mwendo wa dakika tatu. Nilijua hivyo nilipokuwa nimekaa. Nilijua alipofika kona ya pili, nikajua alipopita nyuma ya goli. Nilikuwa nikingoja mwingine anyanyuke kwanza, na huyo mwingine alikuwa akinitazama mimi.

Jioni Hiza alikuja nyumbani kwangu. Aliingia jikoni kuwasha sigara yake kwenye moto, na alipotaka kutoka akauvuta mlango, akaiona ile ndoo. Aliitazama kwa muda. Kisha akaurudisha mlango taratibu kama ulivyokuwa, akaniaga, akaenda zake. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, na hakuwahi kuniuliza. Afadhali angaliniuliza.

Na Mama Chausiku, aliposema yale maneno, jina alilolitaja ni la Hiza, lakini mama huyo hakuwa akimtazama Hiza. Alikuwa ameupa uwanja mgongo na kutuelekea sisi tuliokaa. Macho yake yalipita safu kwa safu, hana haraka, mpaka yakanifikia mimi.

Majivu ya jiko moja hayazunguki uwanja.