Kibuyu Mkononi mwa Sultani

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko kazi za kuwapa, palikuwa na Sultani Haidari, mtawala wa mji wa Shumbi. Sultani huyu alipenda mambo mawili: siagi mpya juu ya mkate wa moto, na usingizi wa asubuhi. Mambo hayo mawili hayakupatana hata kidogo, na ndiyo sababu ya hekaya hii.

Maana siagi ya Shumbi ilitengenezwa na wanawake, kwa kibuyu. Maziwa yaliyoganda hutiwa ndani, kibuyu kikazibwa, kisha mama huketi akakipakata na kukisukasuka, mbele na nyuma, mpaka siagi ijitenge na mtindi. Na kazi hiyo hufanywa alfajiri, kungali na baridi, kwani jua likipanda siagi hulainika isishikane, ukabaki na maziwa na mikono inayouma. Basi kila alfajiri mji mzima ulilia chubu, chubu, chubu. Fundi wao alikuwa Bi Mize, aliyepeleka siagi jumbani kwa Sultani. Nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa jumba, naye alikuwa na ng'ombe mmoja, jina lake Tunu, na mume mmoja, jina lake Vuai. Ng'ombe alikuwa na faida.

Vuai hakuwa na shamba wala duka wala kanzu ya pili. Watu walimwita mpumbavu, naye akiitika.

Ikawa siku moja Sultani akaamka macho mekundu, akamwita Waziri Badawi.

"Waziri! Piga mbiu. Kuanzia leo, atakayetikisa kibuyu katika mji wangu, awe nani awe nani, ng'ombe wake atatwaliwa, naye atapandishwa punda uso ukielekea mkiani, atembezwe mitaani, kisha atolewe mjini asirudi. Awe nani awe nani! Umesikia?"

"Nimesikia, maulana. Na siagi?"

"Siagi niikute mezani! Mize ailete Ijumaa. Asipoileta, hukumu ni hiyo hiyo!"

Na muda wote huo alikuwa akitikisa kikombe cha kahawa usoni pa Waziri. Ndiyo ilikuwa tabia yake: akikasirika, chochote kilichomo mkononi hukitikisa. Waziri maskini hakuwa na kanzu hata moja isiyo na madoa.

Bi Mize aliposikia mbiu alikaa chini akalia. "Mume wangu, Tunu watamchukua. Na mimi niende wapi? Mama yangu amezikwa hapa, sina mji mwingine. Siagi bila kutikisa kibuyu! Huyu mtu ana akili kweli?"

Vuai akajikuna kichwa. "Mke wangu, wewe gandisha maziwa kama kawaida. Kibuyu nitakipeleka mimi."

"Wewe? Wewe ambaye hata maji ya kuoga hujawahi kujitelekea?"

"Ndiyo maana. Nani atanishuku?"

Basi Ijumaa asubuhi, kungali na ubaridi, Vuai akaingia barazani na kibuyu kilichofungwa kitambaa kibichi, akikibeba polepole kama mtoto aliyelala. Punda alikuwa amekwisha kufungwa uani, anangoja. Bi Mize akabaki nyuma ya mlango, ametega sikio.

"Siagi iko wapi?" akauliza Sultani.

"Imo humu, maulana, ila haijatoka. Nami nachelea watu watasema nimekitikisa kibuyu. Tafadhali kishike mwenyewe, uwe shahidi wangu."

Sultani akaona hayo ni maneno ya haki, akakishika kwa mikono miwili. "Haya, kisha?"

"Kisha tungoje, maulana." Vuai akapiga magoti, mikono kifuani. "Na wakati tunangoja, nina salamu za majirani. Wanakushukuru kwa kunyamazisha vibuyu. Sasa wanausikia vizuri mkoromo wako."

"Mkoromo wangu?"

"Wengine walidhani Tunu anazaa."

"Nani? Nani kasema? Mtaje!" akafoka Sultani, na kibuyu kikaenda mbele na nyuma, chubu, chubu. Wakubwa wote barazani wakatazama vidole vyao vya miguu.

"Majina nimeyasahau, maulana, mimi ni mpumbavu. Lakini Waziri wako namkumbuka. Alisema kukuachia umshinde bao kila siku ni kazi ngumu kuliko uwaziri."

Lo! Sultani akamgeukia Waziri. "Badawi! Umekuwa ukiniachia?"

"Hapana, maulana! Wallahi, siku nyingine ulishinda mwenyewe!"

"Siku NYINGINE?"

Hapo ndipo kibuyu kilipopata kazi. Sultani akaulizia kila mchezo tangu mfungo wa Ramadhani, huu vipi, na ule vipi, na kila mchezo akautikisia kibuyu puani pa Waziri. Alipochoka, Vuai akamkumbusha mkoromo, naye akaanza upya. Mpaka sauti ikabadilika: haikuwa tena chubu, chubu, ikawa du, du, nzito. Nyuma ya mlango Bi Mize akakohoa.

"Imetosha, maulana," akasema Vuai. "Ukizidisha utaiharibu."

Wakazibua kibuyu, na siagi hiyo, bonge la manjano, linaelea juu ya mtindi.

Baraza zima likanyosha shingo kuiona. Kisha Waziri Badawi akajifuta uso kwa ile kanzu yake ya madoa, akasema kwa upole mkubwa, "Maulana, amri ilisema awe nani awe nani. Punda yuko tayari."

Sultani akakitazama kibuyu mikononi mwake. Akamtazama punda uani, naye punda alikuwa amempa mkia.

"Vuai! Umenifanyia kusudi!"

"Mimi, maulana? Nimepiga magoti hapa, mikono kifuani. Mke wangu yuko nyuma ya mlango. Uliagiza siagi, siagi imefika, na sisi hatukutikisa kitu."

Sultani akafumbua kinywa kufoka, akaona kibuyu kinaanza kupanda tena, akakiweka chini haraka. Kisha akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Amri imefutwa," akasema. "Aliyeitoa alikuwa na usingizi. Mfungueni punda. Nawe Vuai, omba utakacho."

"Naomba mtindi, maulana. Siagi ni yako, umeitolea jasho."

Bi Mize akarudi nyumbani, akamkumbatia Tunu shingoni, akalia kwa furaha. Vuai naye alikumbatiwa, lakini baadaye.

Sultani akaionja siagi ile, akaapa hajapata kula tamu kama hiyo. Basi kesho yake, kabla hata jogoo hajawika, kukasikika chubu, chubu, chubu kutoka ghorofani jumbani: Sultani amepakata kibuyu, na Waziri Badawi ameketi mbele yake, ameamrishwa kumkasirisha. Na Waziri, wasemao wanasema, hakupata kuifanya kazi yoyote kwa moyo kama hiyo.

Ng'ambo ya ukuta Bi Mize akainuka kitandani, macho mekundu. "Hivi huyu mtu hana adabu? Kibuyu saa hizi!"

Vuai akajivutia shuka mpaka masikioni. "Toa amri," akasema.