Kipara cha Bi Kasuku

Mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Yote mawili!

Basi yategeni, maana hii ninayowapa hata mwalimu hakuwa nayo, ndiyo maana nikamwachia shule yake.

Zamani, katika msitu mnene, aliishi kasuku wa peke yake. Mgongo mweusi, tumbo jekundu kama pilipili, na kichwani hana unyoya hata mmoja. Upara mtupu, kama tumbusi. Ungemwona ungecheka, usinidanganye. Chakula chake makuyu tu, na kwenye tundu la mti alikuwa na makinda wawili wenye njaa.

Upande wao wa mto, mkuyu wenye matunda ulikuwa mmoja, na juu yake kakaa Nyani, jitu la mikono minene. Anakula, mchaku mchaku. Akishiba, anakula tena, mchaku mchaku. Akisikia mabawa, hata hageuki kutazama: tawi tu, pwaa! Siku ya kwanza pwaa, siku ya pili pwaa. Makinda sauti zikaanza kukatika.

Siku ya tatu Bi Kasuku hakuomba kitu. Alitua tawi la mbele kabisa, machoni pa Nyani, akainamisha kipara chake.

Nyani akaacha kutafuna. Kwao mtu hanyoi kichwa chote ila kafiwa.

"Shangazi," akasema, leo ana adabu, "mbona umenyoa? Nani katutoka?"

"Mambo ya msiba hayasemwi juu ya mti, mwanangu."

"Ni mjomba? Mjomba Mkwinda?"

Bi Kasuku akapangusa jicho kwa bawa.

Moyo wa Nyani ukacheza ngoma. Mjomba Mkwinda alikuwa na mikuyu saba ng'ambo ya mto, na kwao mrithi ni mpwa, mradi akae matanga sawasawa: anyoe, aketi chini siku tatu, asipande mti, asile ila anacholetewa. Akateremka, pu! Akaokota gamba la konokono, kwaru kwaru, kichwa kikang'aa. Akaketi akalia, mwii, mwii, huku anaiwaza ile mikuyu saba.

Juu, Bi Kasuku akala, akawabebea wanawe, akarudi, akala. Mchaku mchaku. Maganda yakamdondokea Nyani, naye akashukuru kwa kuletewa chakula.

Siku ya tatu ya matanga akatokea Mjomba Mkwinda mwenyewe, fimbo mkononi.

"Mpwa wangu, nani kafa?"

Nyani akamkodolea macho. "Wewe, mjomba."

Mzee akataka kujua nani kamzika mapema hivyo. Nyani akanyoosha kidole juu. Mkuyu mzima haukuwa na tunda hata la dawa.

"Mimi nilisema nani kafa?" akauliza Bi Kasuku. "Kichwa hiki nilizaliwa nacho."

Mjomba akamtazama mpwa, akakitazama kile kipara kipya, akaelewa mikuyu yake ilikuwa inaliliwa na nani. Fimbo ikapanda. Pwaa! Pwaa!

Ngano nimeimwaga, mwenye mikono aizoe.

Tumeizoa!

Na funzo lake ni hili: mpende sana mjomba wako, na akifa usimlilie mpaka aje mwenyewe kukuambia.