Mwandishi Aliyeomba Kusitiriwa

Wapendwa, leo sitawasimulia habari za mkulima. Wakulima tumewasema vya kutosha, wapumzike. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mwandishi wa riwaya, mwenye jina kubwa. Vitabu vyake vilisomwa mashuleni, na watu walimsifia jambo moja: mama huyu hamfichi mtu. Akikuandika, umeandikwa ulivyo.

Kitabu chake kilichopendwa kuliko vyote kilitoka nyumbani kwao. Dada yake mkubwa aliwahi kumnong'oneza siri, kwamba mwanawe wa kwanza hakuwa wa yule mume aliyemlea. Mwandishi akaichukua siri ile, akabadilisha majina, akaitia kitabuni. Mtaa mzima ukajua anayesemwa ni nani.

Dada akaja analia. "Mdogo wangu, hukuweza kunisitiri?"

"Dada, hiyo ndiyo kazi yangu," akamjibu. "Na msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

Methali hiyo mnaijua. Tunaipenda sana tukishikwa tunasengenya. Dada akajifunga khanga yake, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale.

Miaka ikapita. Mji wao ukajenga maktaba, na wakubwa wakaamua sura ya mwandishi ichorwe, itundikwe pale mlangoni. Akaletwa mchoraji, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Mama akaketi sebuleni kwake, mchoraji akachora kwa penseli asubuhi nzima. Alipomgeuzia karatasi, mama aliyapenda macho, akalipenda paji la uso, halafu akafika shavuni. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na kovu. Aliunguzwa na uji alipokuwa mtoto, na picha zake zote za nyuma ya vitabu alipigwa kwa upande wa kulia. Ninyi mlidhani ni mapozi.

"Fundi, hili liondoe," akasema.

"Lakini lipo, mama."

"Najua lipo, nimekua nalo. Ila watoto wataingia maktaba ile hata mimi nikiwa kaburini. Unataka wanijue kwa kovu?"

Mchoraji akafikiri. "Labda uweke mkono shavuni."

"Nishike tama ukutani miaka yote? Watu watauliza nimefiwa na nani."

Basi mchoraji akamwomba aushushe mtandio wake kidogo, akauchora vile ulivyoangukia shavuni. Hakuongeza uongo wowote. Mama akaitazama ile picha, machozi yakamlenga. "Ahsante, fundi," akasema. "Umenisitiri."

Neno lile lilimtoka mwenyewe, na masikio yake mwenyewe yakalisikia. Mimi nadhani hata mchoraji alishangaa, kwa sababu mama aliinuka pale pale bila kuaga, akatafuta viatu, akaenda kwa dada yake.

Alimkuta anachambua mchele. Akapiga magoti. "Dada, nimekosa. Leo nimejua nilichokunyima."

"Nilishakusamehe zamani," dada akamwambia. "Inuka, chai ipo."

"Basi niitie mwanao, nimwombe radhi na yeye."

Dada akaendelea kuchambua mchele. "Kile kitabu walikisoma darasani," akasema. "Alirudi jioni akaniuliza swali moja, nami sikuweza kumdanganya. Kesho yake akaondoka kwenda kumtafuta babake. Tangu hapo sijui alipo."

Ndugu zangu, nani kati yetu hana kovu? Ukichorwa leo kwenye ukuta huu, kanisa zima likikuangalia, hutaomba mtandio? Utaomba, na mimi nitauomba kabla yako. Sasa tutazame sisi tunavyowachora wenzetu. Tena sisi hatujui hata kuandika riwaya. Sisi tunasema, "Tumwombee dada fulani, ndoa yake imeingia mdudu, nawaeleza kidogo ili mjue cha kuombea." Hapo kidogo inakuwa nusu saa. Tunafumba macho, tunaomba kwa uchungu kabisa, na kabla jua halijazama hadi muuza genge anajua. Halafu tunajiita watu wa maombi!

Sisemi tufiche uovu. Anayepiga watoto asemwe, anayekula mali ya yatima asemwe, tena kwa sauti. Nasema siri aliyokunong'oneza mtu kwa sababu alikuamini, hiyo si mali yako. Na usijifariji kwamba ukikosea utaomba msamaha. Msamaha upo, yule dada alisamehe na chai akampa. Lakini mwana hakurudi.

Jumatano tunakutana kwa maombi ya nyumbani. Ukiwa na mtu wa kumwombea, mwombee. Mungu anamjua jina na anaijua shida yake. Sisi wengine si lazima tujue.