Marahaba ya Bibi Nasemba

Nikisema "Mpo?" ninyi semeni "Tupo." Asiyesema nitajua amelala, nami sina pumzi ya kuwapigia hadithi waliolala. Mpo?

Haya, sogeeni. Mikono ifanye kazi, haya maharage hayatajipukuchua. Wewe Mbazi, nimekuona, tema hiyo mbegu.

Ilikuwa zamani. Si hii zamani ya juzi anayoisema baba yenu akitaka kujifanya mzee. Zamani hasa, milima hii ikiwa bado haijapewa majina, na mtu akitoka kilima kimoja kwenda kingine anaagwa kwa machozi. Kwenye kilima kimojawapo waliishi watu walioitwa Watu wa Uzio. Walijizungushia uzio wa miti ya miiba, wakasema ndani ya uzio ndiko kuliko safi, na nje ya uzio ndiko kuliko na uchafu wa dunia yote. Ndani hamna ngoma. Ndani hamna kucheka siku ya sala. Ndani anayesema ni mmoja, Mzee Kalage, na wengine wanaitikia.

Ila chemchemi ilikuwa nje ya uzio. Maji hayakuulizwa yanataka kutokea wapi.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja Mzee Kalage akatangaza kwamba mwezi mpya ukiandama kabla ya mavuno, mbingu itashuka, iwachukue Watu wa Uzio peke yao. Kwa hiyo msilime. Kwa hiyo msipande. Mbuzi fungulieni waende zao. Watu wakafanya hivyo. Siku ikafika, wakavaa nguo nyeupe, wakakaa uwanjani toka alfajiri, wakatazama juu. Wakatazama, wakatazama, mpaka shingo zikauma. Jua likapanda, jua likashuka, likazama kule linakozama siku zote.

Kesho yake Mzee Kalage akasimama akasema, "Mbingu ilishuka jana. Ila ninyi mlikosa macho ya kuiona."

Watu wote wakaitikia, "Tulikosa macho."

Mtu mmoja hakuitikia. Alikuwa mwanamke, jina lake Nakiete, binti wa Bibi Nasemba aliyekuwa hodari wa kusuka mikeka kuliko wote pale kilimani. Nakiete akasema, tena kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Mimi nilikuwepo. Nilitazama kutwa nzima. Niliona jua linazama tu, kama juzi. Na sasa hatuna mahindi shambani."

Basi. Ni hayo tu aliyoyasema, wajukuu zangu. Hakutukana mtu wala hakuiba kitu.

Kwa Watu wa Uzio kila mtu alikuwa na chungu chake cha kunywea maji. Wakakitoa chungu cha Nakiete, wakampa kaka yake akivunje langoni mbele ya mama yake. Toka siku hiyo jina lake likawa Kigae. Hakuna tena Nakiete, kuna Kigae. Na sheria ikasomwa: Kigae haitwi, Kigae halishwi, Kigae haitikiwi salamu. Anayemwitikia Kigae naye ni Kigae.

Mpo? Mbona mnaitikia kwa unyonge? Ngojeni, bado.

Nakiete akajenga kibanda ng'ambo ya kijito, mahali anapoweza kuuona moshi wa jiko la mama yake. Mnaweza kusema, si angekwenda kwa watu wa nje? Alikwenda! Watu wa nje walimtazama wakanong'ona, "Huyu si yule wa kwenye uzio? Hawa hawatupendi, wanatuita wachafu." Wakamuuzia chumvi, wakamgeuzia mgongo. Ndani ni Kigae, nje ni mtu wa uzio. Akabaki na kuku wake wawili, akawa anaongea nao, na kuku, mnawajua, hawakai wakamaliza mazungumzo.

Kila asubuhi wanawake wa ndani walikuja kuteka maji. Kila asubuhi Nakiete alisimama upande wake wa kijito, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mama."

Kimya. Bibi Nasemba anateka maji.

Kesho tena. "Shikamoo, mama." Kimya. Bibi Nasemba anajitwisha mtungi.

Kesho kutwa tena. "Shikamoo, mama." Kimya, na mgongo wa mama yake unapanda kilima.

Ninyi mnaamka hapa mnanipita kama mnapita kisiki, mpaka niwaulize kama nimekufa. Mwenzenu aliomba neno moja tu, marahaba, miaka minne, hakulipata.

Mwaka wa tano Bibi Nasemba akaja chemchemini ameshika fimbo. Anaongozwa na Nankondo, mke wa mwanawe, yaani wifi yake Nakiete. Habari zilikuwa zimeenea: Bibi Nasemba amepofuka. Mikeka ameacha kusuka, maana kipofu ataipangaje rangi? Mzee Kalage hakuamini. Alimwekea kigoda njiani makusudi, akasimama pembeni kuangalia. Yule mama alikiparamia akaanguka uso chini, likang'oka jino. Mzee Kalage akasema, "Kweli, huyu haoni."

Asubuhi ile Nakiete alipomwona mama yake anapapasa njia, alilia. Kisha akapiga goti kama kawaida. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!"

Sauti ilitoka bila kusita. Wanawake wakaangusha mitungi. Mzee Kalage akaitwa, akaja anatweta.

"Nasemba! Umemwitikia Kigae!"

"Kigae gani, mzee wangu? Mimi nimesikia mtu ananiamkia."

"Uliza kwanza ni nani!"

"Nikimuuliza si nitakuwa nimeongea naye?"

Mzee Kalage akakuna ndevu. "Sauti ya mwanao huijui?"

"Mliniambia sina mwana huyo. Mkaniagiza nimsahau. Nimesahau, mzee, mpaka sauti. Na macho ulisema mwenyewe tuliyakosa siku ile. Haya yangu ndiyo yamemalizikia."

Angemwadhibu vipi mtu aliyetii? Mzee akaondoka. Toka siku hiyo Bibi Nasemba akawa anaitikia kila shikamoo inayomfikia masikioni.

Mnafurahi? Msifurahi. Nakiete alikuwa amesimama pale ng'ambo, amesikia yote. Nimesahau mpaka sauti. Neno lile lilimkata. Kila asubuhi akawa anapata marahaba yake, lakini aliipokea kama mgeni anayesalimiwa na kikongwe asiyemjua. Hata lile "mama" aliliacha, akawa anasema "shikamoo" peke yake, maana aliogopa: akijitaja, mama atamjua, na akimjua itabidi anyamaze. Miaka saba alificha jina lake ili aitikiwe. Mimi sijui upweke mkubwa kuliko huo, na nimezika waume wawili.

Kisha siku moja moshi wa jiko lile haukupanda. Siku ya pili pia. Nakiete akasikia kilio kutoka ndani, akajua. Hakuruhusiwa kusogelea lango. Alikaa kwenye kibanda chake akamlilia mama yake pamoja na kuku.

Siku ya nne Nankondo akaja chemchemini peke yake, amekumbatia mkeka uliokunjwa. Akautandika juu ya mawe. Akainama akaanza kuyaambia maji, maana kusema na Kigae ni marufuku.

"Enyi maji, mimi naongea na ninyi. Tumeukuta chini ya kitanda cha marehemu. Mtu aliyeusuka..." Akainua uso. "Ah! Nimechoka kuongea na maji. Shikamoo, wifi."

Nakiete alikuwa hajaamkiwa na mtu kwa miaka kumi na moja. Kinywa kilikuwa kimesahau njia. "Ma... marahaba," akasema. Akavuka kijito, akautazama mkeka. Mwekundu na mweusi, mwekundu na mweusi, mstari umenyooka, hakuna unyasi uliokosea mahali pake. Na ulikuwa mpya.

"Nani amesuka?"

"Mama. Mlango ukiwa umefungwa. Mimi nilikuwa nalinda."

Nakiete akakaa chini. "Alikuwa anaona?"

"Alikuwa anaona, wifi."

"Na mimi alinijua?"

"Kila siku. Tukipanda kilima alikuwa ananiambia, leo amekonda, leo amevaa ile shuka ya kijani."

Kile kigoda alikiona, wajukuu zangu. Alikiona, akakiparamia. Alitoa jino, akaacha kazi aliyoipenda, akajinyima kumtazama mwanawe usoni miaka saba, akiibaiba kwa pembe ya jicho tu, ili aweze kumwambia neno moja kila asubuhi. Na mwanawe hakujua mpaka mama alipozikwa. Nakiete aliukumbatia mkeka ule akaita, "Mama! Mama! Shikamoo, mama!" Na siku hiyo hakukuwa na wa kumwitikia.

Juu langoni kikasikika kitu kinavunjika. Nankondo hakugeuka. Alijua ni chungu chake.

Wakaishi wawili, ng'ambo ya kijito. Nankondo akaolewa tena huko nje akazaa, na aliyezaliwa akazaa, mpaka akapatikana bibi yangu, mpaka nikapatikana mimi, mpaka mkapatikana ninyi mnaonilia maharage mabichi. Kwa hiyo msije mkaringa. Ninyi nyote mliokaa hapa ni vigae.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akitoka kwenye nyumba yenu, au kwenye sala yenu, mwacheni atoke na jina lake. Kama mna hakika na njia yenu, salamu yake haitawapoteza. Na akiwaamkia, mwitikieni mkimtazama usoni, asije akahesabu miaka.

Kisa nimekitua hapo. Cha kwangu nimetoa, cha kwenu ni sauti. Mpo?

Sijasikia. Mpo?