Ngiri Avaa Mkia wa Duma

Paukwa!

— Pakawa!

Kuna aliyelala?

— Hakuna!

Na huyo anayekoroma? Mfinyeni, twende.

Hapo zamani za kale palikuwa na Duma, mama wa watoto watatu. Mkia wake ulikuwa na ncha nyeupe, na watoto waliifuata ncha hiyo kokote. Hawakutazama kitu kingine.

Siku moja watu wakapitisha barabara ya lami katikati ya mbuga. Magari yakaanza kuua. Akafa Mondo. Akafa Simbamangu. Mchimba makaburi alikuwa Ngiri, maana ndiye fundi wa mashimo.

Ngiri akamwendea Duma. "Mama Watatu, chini ya barabara kuna kalavati, lile bomba kubwa la kupitisha maji. Piteni humo. Mgongo unaniuma kwa kuchimba."

"Mimi? Niiname bombani kama panya? Mimi, mwenye mbio kuliko wote?"

Duma akavuka juu mara ya kwanza, peke yake. Basi likapita, vuuu! Upepo wake ukamtupa miibani. Akasema, "Nimeamua tu kupumzika hapa."

Akavuka mara ya pili. Lori la vitunguu likapita, vuuu! Gurudumu likamkata ncha ya mkia. Akasema, "Ulikuwa mrefu mno."

Ngiri akaiokota ile ncha, akaibandika kwa ulimbo kwenye mkia wake. Na mnajua, Ngiri akikimbia mkia husimama wima.

Mara ya tatu Duma akaja na watoto. "Nifuateni!" Akachomoka. Watoto wakatafuta ncha nyeupe. Hiyo hapo, inaingia kalavatini! Wakaifuata mbio.

Duma akafika katikati ya lami, akageuka. Watoto hawapo! Lori hilo, vuuu! Akaruka kurudi alikotoka, akaanguka chini akilia. "Wanangu! Nimewaua wanangu!"

Kutoka ng'ambo akasikia kicheko. "Mama, tuko huku! Umechelewa!"

Duma akainama. Akatambaa bombani, tope mpaka masikioni. Akatokea, akawalamba wote watatu, mmoja mmoja. Kisha akamtazama Ngiri.

"Huo mkia ni wangu."

"Si ulisema ulikuwa mrefu mno?"

Tangu siku hiyo Duma na wanawe hupita chini.

Funzo ni hili: lori halijali mbio zako. Palipo na njia salama, inama upite. Na wewe uliyeshika usukani, ukifika mbugani punguza mwendo. Duma wamebaki wachache, na Ngiri bado anaumwa mgongo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni mimi na Ngiri.