Fundi Mashavu na Waya wa Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Kaondokea fundi, kajenga mtoto wa waya! Mwenye woga akae katikati, mwenye kusinzia akae mlangoni, zimwi likija lianze naye.

Hadithi hii wengine huisimulia, lakini huilemaza. Mimi niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu mwenyewe alikiri hana la kuniongezea. Basi tegeni masikio.

Hapo zamani palikuwa na fundi mmoja, mjane, jina lake Mashavu. Alikuwa na binti mmoja tu, Siwema. Kazi ya Mashavu ilikuwa kushona wanasesere. Si wale wa kukaa kama gunzi la muhindi, hapana! Wanasesere wa Mashavu walikuwa na mifupa. Alisokota nyaya mbili kwa pamoja, akatoa uti wa mgongo, akatoa mikono, akatoa miguu mpaka vidole. Juu yake akaviringisha vitambaa, akajaza sufi, akashona ngozi ya kitambaa cha marekani. Ukimkunja goti, goti linakaa. Ukimwinua mkono, mkono unabaki juu mpaka umshushe mwenyewe. Kuna mmoja alikalishwa barazani, watu wakamwamkia siku mbili nzima wakinung'unika kwamba haitikii.

Siku moja waya ukamwishia. Akazunguka kijiji kizima, hakupata hata wa kufungia kuku. Akarudi, akaketi na koleo mkononi, hana cha kukata.

Jua lilikuwa utosini. Akaja mgeni, mzee mrefu, kashika fimbo. Saa ile kivuli cha kila mtu kiko chini ya nyayo zake. Mgeni yule hakuwa nacho kabisa, lakini nani huangalia vivuli adhuhuri?

"Hodi, fundi."

"Karibu, baba."

"Nimezeeka sina mtoto. Nataka mwanasesere awe kama mtoto kweli, kila mfupa kwa kipimo chake." Akatua bunda la waya wa shaba, jekundu kama kaa la moto. "Tumia huu. Utakaobaki ni wako."

Macho ya Mashavu yakang'aa kuliko shaba. Bunda lile lingemtosha miaka kumi. "Na kipimo nikitoe wapi?"

Mgeni akamtazama Siwema, aliyekuwa akipepeta mchele. Akameza mate. "Kwani yule si kipimo?"

Bi Hidaya, jirani yao, alisikia ng'ambo ya ua. Mgeni alipoondoka, akaja mbio.

"We Mashavu! Anayepimwa kwa uzi ni maiti, anayekatiwa sanda. Aliye hai hapimwi mfupa kwa mfupa."

"Shoga, na fundi cherehani je?"

"Fundi cherehani anapima nguo. Wewe unapima mtoto."

Mashavu akacheka. Mtu mwenye waya mpya hasikii.

Basi akamwita Siwema, akamsimamisha ukutani. Akapima mkono kwa uzi, bega mpaka kiwiko, kiwiko mpaka kiganja, akaukunja ule uzi mara tatu ili kipimo kiwe cha mwanasesere. Uzi ukapima, waya ukakunjwa, koleo likakata.

Akapima mguu. Uzi ukapima, waya ukakunjwa, koleo likakata.

Akapima mgongo mpaka shingo. Uzi ukapima, waya ukakunjwa, koleo likakata.

"Mama, huo uzi una baridi," akasema Siwema.

"Tulia, mwanangu, nimeshamaliza."

Siku ya tatu mgeni akaja akamchukua mwanasesere wake. Hakumpakata. Alimning'iniza kama mtu aliyenunua samaki.

Kesho yake, jua la utosini, Siwema anaosha vyombo. Mkono wake wa kulia ukainuka.

"Mama, mkono wangu unapunga."

"Unampungia nani?"

"Sijui, mama. Si mimi."

Wakasikia wimbo mbali, ng'ambo ya mto:

*Inuka, mtoto wa waya, inuka,*
*baba yako ana njaa, inuka.*

Siku ya pili, jua la utosini, Siwema akaketi, akasimama, akaketi, akasimama, machozi yanamtoka. Mashavu akamfunga miguu kwa kanga. Kanga ikachanika.

*Keti, mtoto wa waya, keti,*
*baba yako ana njaa, keti.*

Bi Hidaya akasema, "Yule si mzee, Mashavu. Ni zimwi. Na mifupa ya mwanao umempa kwa mkono wako."

Siku ya tatu, jua la utosini, Siwema akatoka mlangoni. Hatua moja, kituo. Hatua moja, kituo.

*Njoo, mtoto wa waya, njoo,*
*baba yako ana njaa, njoo.*

Mashavu akamshika kiuno, akaburutwa. Bi Hidaya akamshika Mashavu, wakaburutwa wote wawili. Basi Mashavu akaona kumvuta hakufai. Akamwachia, akatia bunda la waya, uzi, sindano na koleo kapuni, akakimbia kumtangulia. Mto akauvuka kwa miruko mitatu. Mimi ningetumia miwili, lakini yeye alikuwa na kapu.

Akaufuata ule wimbo mpaka akafika kwenye pango. Kuta zake zilijaa wanasesere. Wa udongo walipasuka magoti. Wa miti walikatika viwiko. Na chini ya kila mmoja palikuwa na kandambili moja ndogo.

Zimwi lilikuwa limeketi, sasa lina umbo lake lenyewe, mabega yanagusa dari. Kiganjani linamtembeza mwanasesere, hatua moja, kituo.

"Fundi! Hawa wengine niliwakunja, wakavunjika. Wako havunjiki. Akifika huyo wa nyama, nitamla, na huyu wa waya atabaki mwanangu."

Mashavu akatua kapu chini. Akafyonza.

"Nani kakufundisha kumshika hivyo? Kazi yangu unaiaibisha! Mtoto mdogo namna hii, baba mkubwa kama kichuguu. Utampakataje? Watu watasema kaokotwa."

Zimwi likafikiri. Mazimwi yana nguvu, lakini fedheha hayaiwezi.

"Sasa nifanyeje?"

"Nikutengenezee baba wa kimo chake, sura yako, mabega yako. Mweke chini mtoto, nikupime."

Likamweka chini. Kule njiani Siwema akasimama, mguu mmoja juu.

Mashavu akapima mkono wa zimwi, akaukunja uzi mara kumi. Uzi ukapima, waya ukakunjwa, koleo likakata. Alipofika kwapani zimwi likacheka, popo wakaanguka. Akapima mguu. Akapima mgongo, amelipanda kama ngazi. Uzi ukapima, waya ukakunjwa, koleo likakata. Hakushona ngozi wala hakujaza sufi. Mifupa mitupu ya shaba.

"Mbona hana nyama?" likauliza zimwi.

"Nyama baadaye," akasema Mashavu. Akaukunja waya magotini.

Zimwi likaketi kwa kishindo. Akaikunja mikono, ikayakumbatia magoti. Akakikunja kichwa, kikalala juu ya magoti. Likabaki pale, duara, kama jiwe la kusagia.

"Fundi, nikunjue."

Mashavu akamwokota mwanasesere wa mwanawe.

"Fundi, nikunjue."

Akaushusha mguu wa mwanasesere taratibu, akaitia ile mifupa ya shaba kapuni, akatoka.

"Fundi, nikunjue..." Sauti ile ilimfuata mpaka ukingo wa mto.

Kijijini watu wakataka waichome ile mifupa. Mashavu akakataa. "Waya wa shaba hauungui, hulegea. Ukilegea utakunjuka, na zimwi nalo." Akaufunga kwa kitambaa. Kila adhuhuri akawa anayakaza magoti ya ile mifupa, maana waya hutaka kurudi ulikotoka.

Na mwanasesere wa Siwema? Mashavu alimweka rafuni. Jioni moja akamwona binti yake kaketi amejipinda mgongo. Kwa upendo tu akanyoosha mkono, akamnyoosha mwanasesere. Siwema akanyooka ghafla. Akageuka.

"Hata wewe, mama?"

Mashavu akaurudisha mkono. Siwema akainuka, kwa nguvu zake mwenyewe, akamchukua mwanasesere, akamtia kifuani chini ya kanga. Tangu siku hiyo hakumpa mtu. Akakua. Baada ya miaka miwili mikono yake ilikuwa mirefu kuliko ule uzi, kipimo hakikumweza tena.

Lakini mazimwi hayakui. Kipimo cha zimwi kinalikaa mpaka leo, na Mashavu alipozeeka, kazi ya kuyakaza magoti akaishika Siwema. Na baada ya Siwema, nani? Mimi namjua, ila ameniapisha. Ukipita ng'ambo ya mto jua likiwa utosini, utasikia mtu akiomba taratibu akunjuliwe. Usiitike.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyeiogopa aniachie. Funzo lake ni hili: kipimo cha mwanao usimpe mgeni, hata akuletee waya wa shaba. Na ukiwa nacho wewe mwenyewe, usimkunje.